Mkataba Haukuziandika Nyimbo za Green Day

Katika muziki wa vijana ipo hukumu moja inayotolewa haraka kuliko zote: bendi ikitoka kwenye lebo ndogo ya nyumbani kwao ikasaini na kampuni kubwa, basi imejiuza, na albamu itakayofuata ndiyo ushahidi wa biashara hiyo. Ni bendi chache zilizobebeshwa hukumu hiyo kwa uzito kama Green Day, vijana watatu kutoka upande wa mashariki wa Ghuba ya San Francisco, walipotoa Dookie tarehe 1 Februari 1994 chini ya Reprise, lebo ya Warner. Billie Joe Armstrong wa sauti na gitaa, Mike Dirnt wa besi na Tré Cool wa dramu wote walizaliwa mwaka 1972. Siku albamu inaingia madukani, kila mmoja alikuwa na miaka 21. Kufikia 1999 ilikuwa imethibitishwa kuuza nakala milioni 10 Marekani peke yake, na mwaka 2024 Maktaba ya Bunge la nchi hiyo iliiweka katika orodha ya rekodi zinazostahili kuhifadhiwa kwa ajili ya taifa. Ninachotaka kukitetea hapa si mauzo wala heshima hizo. Ninatetea hoja kwamba kilichoifanya Dookie kuwa albamu bora kilikuwa kimekwishajengwa kabla ya wakili yeyote kufungua faili, na kwamba anayeihukumu kwa kutazama nembo iliyo nyuma ya jalada anakosea juu ya hii moja na atakosea juu ya nyingine nyingi.

Ili kuwatendea haki walionung'unika, lazima kwanza tujue walikuwa wanalinda nini. Mwishoni mwa mwaka 1986, mtaa wa Gilman mjini Berkeley ulipata ukumbi uliojulikana kwa namba ya jengo na jina la mtaa: 924 Gilman. Uliendeshwa kwa ushirika na watu wa kujitolea, ukapokea watoto wa umri wote, ukapiga marufuku pombe na dawa za kulevya ndani, na kukataa ubaguzi wa rangi, dharau dhidi ya wanawake na chuki dhidi ya mashoga. Kwa kijana wa miaka 15 ambaye baa zote zilimfungia mlango, Gilman palikuwa mahali pa kusikiliza muziki, kupiga muziki, kufagia sakafu na kupiga kura juu ya mambo ya ukumbi. Ukumbi huo ulikuwa na sharti jingine: bendi iliyosaini na lebo kubwa haipandi jukwaani pale. Kwa hiyo Green Day waliposaini na Reprise mwaka 1993, mlango wa nyumba iliyowalea ulifungwa, na waliowafungia walikuwa watu waliowafahamu kwa majina.

Sharti hilo halikuwa wivu uliovikwa vazi la msimamo. Baada ya Nevermind ya Nirvana kulipuka mwaka 1991, mawakala wa kampuni kubwa walizunguka Marekani wakitafuta bendi yoyote yenye gitaa chafu na hasira kidogo. Steve Albini, fundi wa studio wa Chicago aliyeirekodi In Utero ya Nirvana, aliandika katika jarida la The Baffler mwaka 1993 hesabu ya bendi ya kufikirika inayosaini mkataba wa aina hiyo. Bendi ile inauza nakala 250,000, kiasi ambacho wengi wangekiita mafanikio. Baada ya kukata gharama za studio, video, ziara, meneja na wakili, lebo inabaki na zaidi ya dola 700,000, na kila mwanabendi anaambulia kama dola 4,000. Maandishi hayo yalisambaa kote katika jamii ya panki kwa sababu wengi walijiona humo. Hesabu ya Albini ilikuwa sahihi, na anayeitetea Dookie kwa kujifanya kwamba kampuni kubwa zilikuwa rafiki wa vijana hajaisoma historia ya biashara hiyo. Lakini hesabu ile inajibu swali la nani anapata hela. Haijibu swali la nyimbo zilitoka wapi na zina thamani gani, na hapo ndipo wakosoaji wa Dookie walipochanganya mambo mawili.

Nyimbo zilitoka katika miaka sita ya kazi. Armstrong na Dirnt walikuwa marafiki tangu utotoni katika mji mdogo wa Rodeo, mji wa kiwanda cha kusafishia mafuta. Baba yake Armstrong, dereva wa lori aliyepiga pia muziki wa jazi, alifariki mwaka 1982 mtoto akiwa na miaka 10. Tarehe 17 Oktoba 1987, wakijiita Sweet Children, walipiga shoo yao ya kwanza katika mgahawa wa nyama choma mjini Vallejo ambako mama yake Armstrong alifanya kazi. Lookout, lebo ndogo ya Larry Livermore, ikawatolea albamu ya 39/Smooth mwaka 1990. Mwishoni mwa mwaka huo Tré Cool akachukua kiti cha dramu. Huyu alikuwa ameanza kupiga katika bendi ya Livermore mwenyewe akiwa bado mtoto. Kisha ikaja Kerplunk, na ziara za Marekani na Ulaya za kulala sakafuni kwa watu. Walisafiri katika gari kuukuu lililokuwa maktaba ya kuhamahama, likakarabatiwa na baba yake Tré Cool, ambaye ndiye aliyeshika usukani. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi, na Green Day walikunjwa na Gilman, na Lookout na barabara. Reprise ilipowafikia, samaki alikuwa amekwishakunjika.

Tazama sasa kampuni ilileta nini hasa. Ilimleta Rob Cavallo, kijana wa idara ya kusaka vipaji aliyekuwa pia prodyuza, na aliyekuwa amefanya kazi na The Muffs, bendi ambayo Green Day waliipenda. Ilileta pesa za kuingia Fantasy Studios, ambayo nayo ilikuwa Berkeley, kwa hiyo vijana hawakulazimika hata kuuacha mji wao. Kurekodi kulichukua kama wiki tatu. Mchanganyo wa kwanza haukuwaridhisha, wakamwita fundi Jerry Finn auchanganye upya. Hayo ndiyo manufaa ya mtaji: muda wa kutosha, vifaa vizuri, na ruhusa ya kurudia kazi iliyokwisha kufanywa. Bendi ya lebo ndogo ikigundua mchanganyo una kasoro, mara nyingi hutoa kazi hivyo hivyo kwa sababu hela imekwisha. Green Day walipewa nafasi ya kusema hapana kwa rekodi yao wenyewe, na nafasi hiyo inasikika katika kila dakika ya Dookie.

Ushahidi ulio wazi zaidi ni Welcome to Paradise, kwa kuwa wimbo huo upo katika albamu mbili: Kerplunk ya lebo ndogo na Dookie ya lebo kubwa. Unahusu kijana anayehama kwao na kuishi katika jengo chakavu la Oakland, mtaa unaomtisha mwanzoni na anaouzoea baadaye. Ukiziweka rekodi hizo mbili bega kwa bega, utakuta mpangilio ni ule ule: beti zile zile, kiitikio kile kile, na katikati kile kipande kirefu kisicho na maneno ambapo besi inazunguka juu ya noti chache huku gitaa na dramu zikikusanya nguvu hadi mlipuko. Hakuna ubeti uliolainishwa ili redio ikubali, wala violini vilivyopandikizwa. Kilichobadilika ni kwamba sasa unaisikia besi ikitembea peke yake, unaisikia dramu ikijibu, na gitaa limekuwa ukuta ambao zamani ulikuwa wingu. Anayesema Dookie ni Green Day waliosafishwa mpaka wakapoteza utu wao anapaswa kutuonyesha katika wimbo huu ni kitu gani kilichosafishwa. Mimi nasikia kitu kile kile, kimesogezwa karibu na sikio.

Wimbo wa kwanza kutolewa kama singo, Longview, unathibitisha zaidi. Kampuni iliyotaka kucheza salama isingeutanguliza wimbo huu. Unafunguliwa na dramu na besi, na katika beti gitaa, chombo kinachotegemewa kuuza muziki wa roki, linakaa kimya. Dirnt anapiga mstari wa besi unaobembea kwa uvivu, Tré Cool anazungusha fimbo juu ya ngoma za chini, na Armstrong anaimba habari za kijana aliyejifungia ndani siku nzima mbele ya televisheni, asiye na kazi, asiye na hamu, anayejichosha na starehe za peke yake hadi zinamkinai. Gitaa linapoingia kwenye kiitikio linaingia kama mtu aliyeamka ghafla, kisha linaondoka na uvivu unarudi. Umbo la wimbo linafanya kile maneno yanachokisema, na ustadi wa namna hiyo haununuliwi kwa hundi. Hata video yake ilipigwa Berkeley, katika makazi ya chini ya ghorofa waliyokuwa wakiishi wenyewe.

Tusiache maudhui pembeni, maana huko ndiko panki ya pop hudharauliwa zaidi. Husemwa kwamba ni muziki wa watoto wa vitongoji wanaolalamika bila sababu, wenye melodi tamu za kuficha utupu. Lakini Basket Case, ulio katika Dookie, ni wimbo kuhusu mashambulizi ya hofu, hali iliyomtesa Armstrong kwa miaka kabla hajajua jina la ugonjwa wake. Unaanza na sauti na gitaa tu, kama mtu anayekiri, na dramu na besi zinasubiri mpaka kiitikio cha kwanza kiwe kimeanza ndipo ziingie na kuuharakisha moyo. Coming Clean, wimbo mfupi unaopita kama dakika moja na nusu, unamhusu kijana anayejitambua kimapenzi kwa namna ambayo wazazi wake hawakuitarajia. Mwaka 1995 Armstrong alizungumza waziwazi na jarida la The Advocate kwamba anavutiwa na wanaume na wanawake pia. Na walipoanza kujaza kumbi kubwa mwaka 1994, walichagua kufunguliwa shoo na Pansy Division, bendi ya mashoga ya San Francisco kutoka Lookout. Maelfu ya vijana wa miji ya ndani ya Marekani walikutana na bendi hiyo kwa mara ya kwanza pale. Misingi iliyofundishwa Gilman ilipanda basi pamoja na bendi ikaenda ilikokuwa haijulikani. Watu waliojiuza hawabebi mzigo wa namna hiyo.

Pingamizi la kwanza lenye uzito ni Jawbreaker. Hii ilikuwa bendi iliyoheshimiwa sana katika jamii hiyo hiyo ya San Francisco, iliyosema mbele ya watu kwamba haitasaini na lebo kubwa, kisha ikasaini na DGC na kutoa Dear You mwaka 1995. Wapenzi wake waliigeuzia mgongo, albamu haikuuza kama ilivyotarajiwa, na mwaka 1996 bendi ikavunjika. Je, hii si dalili kwamba kampuni kubwa inaua? Ninakubali sehemu ya pingamizi hilo: kampuni iliahidi hadhira mpya isiyokuja, na hadhira ya zamani ilikuwa imekwishaondoka. Bendi isiyouza haina mtetezi katika jengo la kampuni. Lakini tazama kilichotokea kwa albamu yenyewe. Miaka ilivyosonga, Dear You ilipata wapenzi wengi, na waliokuja kuisikiliza bila kinyongo cha 1995 walikuta ndani yake uandishi ule ule wa Jawbreaker. Kumbe hukumu ya wakati ule iliutazama mkataba ikaacha kuusikiliza muziki. Mfano huu unaonyesha hatari ya biashara na pia ukatili wa hukumu ya haraka, na vyote viwili viliiangusha bendi ile kwa pamoja.

Pingamizi la pili ni gumu zaidi, nalo linaitwa Smash. The Offspring, pia wa California, walitoa albamu hiyo Aprili 1994, miezi michache tu baada ya Dookie, chini ya Epitaph, lebo huru iliyoanzishwa na Brett Gurewitz wa bendi ya Bad Religion. Iliuza zaidi ya nakala milioni 10 duniani. Rancid nao walifuatwa na kampuni kubwa, wakaamua kubaki Epitaph. Fugazi wa Washington walibaki na lebo yao ya Dischord na kupiga shoo za kiingilio cha dola 5, na hawakufa njaa. Basi kwa nini Green Day waende Warner, ilhali njia nyingine ilikuwepo? Jibu langu ni kwamba njia ilikuwepo, na walioifuata wanastahili heshima. Lakini hebu tuuone ushahidi huu unaelekea wapi. Albamu mbili za mwaka mmoja, za jimbo moja, za muziki unaokaribiana, moja ya lebo kubwa na moja ya lebo huru, zote zikauza kwa mamilioni. Basi aina ya lebo haikuamua mafanikio wala mlio. Smash inayavunja madai ya kampuni kubwa kwamba bila wao hakuna mafanikio, na wakati huo huo inayavunja madai ya wakosoaji kwamba mafanikio ya Green Day yalitengenezwa na kampuni. Hadhira ilikuwa tayari ikiusubiri muziki huu, na ungefika kwa gari lolote.

Vilevile tusiifanye lebo ndogo kuwa malaika kwa sababu ya udogo wake. Dookie ilipolipuka, wasikilizaji wapya walirudi nyuma kununua 39/Smooth na Kerplunk, na Lookout ikaingiza fedha ambazo haikuwahi kuziota. Miaka ikapita, Livermore akaondoka mwaka 1997, lebo ikapanuka kupita uwezo wake, na mirahaba ya wasanii ikaanza kuchelewa. Mwaka 2005 Green Day waliziondoa albamu zao za mwanzo kutoka Lookout kwa sababu ya mirahaba ambayo haikulipwa. Bendi nyingine nazo zikaondoa zao, na miaka michache baadaye lebo ikafunga milango kabisa. Hapa pana fundisho ambalo mabishano ya 1994 hayakuliona. Urafiki si mkataba. Kulipwa kwa wakati, kumiliki kazi yako na kuwa na haki ya kuiondoa pale unapodhulumiwa ni mambo yanayopaswa kuandikwa, iwe unasaini na jitu la Los Angeles au na jirani yako aliyekukopesha spika.

Je, nasema basi kwamba Gilman walikosea kuwafungia mlango? Hapana. Ukumbi wa kujitolea una haki ya kujilinda dhidi ya umaarufu, na matukio ya 1994 yalionyesha sababu. Agosti mwaka huo, katika tamasha la Woodstock '94, shoo yao iligeuka vita vya matope, na mlinzi aliyemdhania Dirnt kuwa shabiki mvamizi alimwangusha akamvunja meno. Tarehe 9 Septemba shoo yao ya bure mjini Boston ilivutia makumi ya maelfu ya watu, ikakatishwa baada ya nyimbo chache tu, na ikaishia kwa vurugu na polisi. Umati wa namna hiyo ungeingia katika ukumbi wa Berkeley wenye sakafu ya saruji na ulinzi wa vijana wa kujitolea, usingebaki ukumbi. Kwa hiyo Gilman walikuwa sahihi kuilinda nyumba yao, na Green Day walikuwa sahihi kutaka nyimbo zao zifike mbali kuliko mtaa mmoja. Uamuzi wa kwanza ulihusu usalama wa mahali, wa pili ulihusu safari ya muziki, na hakuna ulazima wa mmoja kuwa uongo ili mwingine uwe kweli. Tarehe 17 Mei 2015, baada ya zaidi ya miaka 20, Green Day walipiga tena Gilman, katika shoo ya kuchangia AK Press, wachapishaji wa vitabu wa Oakland waliokuwa wamepatwa na moto. Pande zote mbili zilikuwa zimedumu, kila moja kwa kanuni zake.

Kilichobaki kuogopwa ni kwamba mlango ule ukishafunguliwa, kila kampuni itatengeneza Green Day wa bandia. Hilo lilitokea. Mwishoni mwa miaka ya 1990 na mwanzoni mwa 2000 soko lilijaa bendi zilizovaa panki kama sare, zenye kiitikio cha kushikika na hakuna chochote nyuma yake. Lakini kosa hilo ni la waliodhani Dookie ni fomula. Waliiga kasi, wakaiga nywele, wakaiga ukali wa gitaa, na kuacha kile ambacho hakiigiki: miaka sita ya kupiga mbele ya watu 30, watu wanaokujua na wasiokuogopa, wanaokuambia papo hapo kwamba wimbo wako wa tatu haufai. Kampuni zilinunua matunda zikidhani zimenunua mti.

Ndiyo maana nasisitiza kwamba albamu ya kwanza ya bendi changa katika lebo kubwa isipimwe kwa swali la kama wamesaini. Waulizwe walikuwa na nyimbo ngapi walizoziandika wenyewe kabla ya siku hiyo, na ni wangapi walikuwa wamekwisha kuzisikia na kuzibishia. Waulizwe nani aliamua mchanganyo wa mwisho, nani anamiliki rekodi, na wanaweza kufanya nini wasipolipwa. Bendi yenye majibu mazuri kwa maswali hayo itatoa kazi ya kweli chini ya nembo yoyote, na isiyo na majibu itatoa kazi dhaifu hata ikirekodi katika chumba kitakatifu kuliko vyote vya mtaani. Green Day walikuwa na majibu wakiwa na miaka 21. Sifa ya majibu hayo ni yao kwanza, kisha ya Gilman iliyowafunza na kuwafukuza, na kwa sehemu ndogo, inayostahili kutajwa kwa kipimo chake, ya kampuni iliyolipa bili ya studio.